Nta Ilifanya Kazi, Sifa Ikapewa Gome

Anayeamua kumnyonyoa panya kwa nta ndiye anayeuharibu utafiti wa dawa ya nywele. Mtindo huu unajirudia mara nyingi jani au gome linapojaribiwa kama dawa ya upara, na Meru na Embu kuna mti unaoalika jaribio hilo: mwiria. Gome lake huuzwa ng'ambo kwa ajili ya tezi dume, na finasteride nayo ilianza kama dawa ya tezi dume mwaka 1992, ikaidhinishwa kwa upara mwaka 1997. Anayeona uhusiano hapo hajakosea. Anakosea akifika kwenye ngozi ya panya.

Panya mwenyewe ni yule mweusi wa maabara, C57BL/6. Akiwa na wiki saba hivi, vinyweleo vyote vya mgongo wake vimelala pamoja katika telojeni, awamu ya mapumziko. Ngozi ni ya waridi, kwa sababu rangi nyeusi hutengenezwa ndani ya kinyweleo kilichoingia anajeni tu, yaani awamu ya kukua. Mnyoe kwa mashine, ngozi itakaa waridi kwa wiki kadhaa. Ikiwahi kuwa nyeusi palipopakwa dawa, una neno la kusema. Mnyonyoe kwa nta, na kule kung'oa kwenyewe kunaviamsha vinyweleo vyote. Hata panya aliyepakwa maji matupu ataota manyoya katika wiki tatu hivi. Linalobaki ni pengo la siku chache, na pengo hilo ndilo linalopambwa kwa picha. Picha tena! Nimelilalamikia hili miaka mingi: hesabuni vinyweleo chini ya hadubini. Nta inamfaa anayechunguza mzunguko wa nywele. Haithibitishi kwamba dawa imeamsha chochote.

Si kila kazi ya panya ina kasoro: ile ya panya C3H/HeJ, wanaonyonyoka manyoya wenyewe, ilikuwa safi. Ilisaidia kufungua njia ya dawa ya baricitinib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2022 kwa watu wanaonyonyoka nywele mabaka mabaka.

Wakongwe walianza na binadamu. James Hamilton, mwaka 1942, alionyesha kwamba wanaume waliohasiwa kabla ya kubalehe hawakupata upara, ila baadhi yao walipopewa testosteroni. Mwaka 1990 Michael Philpott na wenzake Cambridge walivikuza vinyweleo vya binadamu maabarani, vikarefuka kwa mwendo wa kichwani, karibu milimita 0.3 kwa siku. Na dada aliyepoteza nywele za panja kwa rasta zilizokazwa? Mgongo wa panya haumsemei. Nonhlanhla Khumalo wa Cape Town alikagua vichwa vyenyewe, vya wanafunzi na watu wazima, na mwaka 2007 akaonyesha madhara ya kusuka kwa kukaza, hasa nywele zikiwa zimelainishwa kwa kemikali.

Maabara ya Nchiru, Meru, au ya Embu itakayoujaribu mwiria ianze na vinyweleo vya binadamu. Ikilazimika kumtumia panya, imnyoe kwa mashine. Na gome livunwe kwa uangalifu, maana biashara ya mti huu kati ya nchi na nchi inadhibitiwa chini ya CITES tangu 1995.