Azimio la Arusha na Mapatano Yasiyotamkwa

Wasomaji wetu wamelisikia sana jina la Azimio la Arusha, lakini waliolisoma tangu mwanzo hata mwisho ni wachache. Leo twapenda kulipima kwa swali moja: je, raia amefungwa na mapatano ambayo hakuyatamka kwa kinywa chake?

Wako wasemao ya kuwa amefungwa. Katika kitabu cha Plato kiitwacho Crito, Socrates aliye kifungoni aeleza jinsi Sheria za Athens zingemwambia kwamba, kwa kuwa amekaa mjini asihame, amekubali kuzitii. Naye David Hume wa Scotland alijibu hoja ya namna hii mwaka 1748: maskini asiyejua lugha ya ugenini, wala hana mali ya kumwezesha kuhama, haambiwi kuwa amekaa kwa hiari, ni kama mtu aliyepakiwa chomboni akiwa usingizini.

Sisi wa Singida twaweza kulifahamu jambo hili kwa jembe. Mwenye shamba huwaita jirani zake kulima, naye huwaandalia pombe ya mtama. Hapana karatasi wala shahidi. Lakini yeye asiyekwenda kwa wenzake, zamu yake ifikapo, hulima peke yake. Mapatano hayo hayakutamkwa, nayo yana nguvu, kwa sababu kila upande waweza kumwona mwenzake akitimiza au akivunja.

Basi turudi kwenye Azimio, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967. Uzuri wake mkubwa u katika sehemu ya kujitegemea. Hapo laonyesha ya kuwa mikopo ya nje hutumika zaidi mijini, lakini hulipwa kwa mazao ya mkulima. Kwa hiyo mtu wa mjini ni mdeni wa mtu wa shamba. Deni lililokuwa kimya latajwa waziwazi. Tena sehemu ya mwisho yamfunga kiongozi: asiwe na hisa katika makampuni, asipokee mishahara miwili, wala asipangishe nyumba.

Lakini hapa ndipo twaona upungufu. Kiongozi akivunja masharti hayo, mwamuzi ni chama chenyewe. Mkulima hakupewa njia ya kudai. Matokeo yake yalionekana. Maandishi ya Ujamaa Vijijini ya mwaka 1967 yalikataa watu kulazimishwa. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 1973 kukaa vijijini kulifanywa amri, na katika mkoa wetu, kama katika mikoa mingine, wengi walihamishwa kwa nguvu. Kisha mwezi wa Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM, iliyokutana Zanzibar, ililegeza masharti ya viongozi. Wakulima hawakuulizwa mara zote mbili.

Labda mtu atasema kwamba wananchi waliandamana mwaka 1967 kuliunga mkono Azimio, nako ndiko kukubali. Na iwe hivyo. Basi walikubali pamoja na masharti yaliyomfunga kiongozi, wala si haki kuwadai utii huku masharti hayo yamekwisha kuondolewa.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu hupenda kukumbuka jembe, wakasahau kwamba mgeni alilishwa kwanza. Kwa hukumu yetu, raia amefungwa kweli, lakini kwa kamba yenye ncha mbili. Katiba ya mwaka 1977 yaelekea huko: ibara ya 8 yasema mamlaka yote yatoka kwa wananchi, na ibara ya 26, iliyomo katika sehemu ya haki iliyoongezwa mwaka 1984, yamwamuru kila mtu kutii sheria, kisha yampa haki ya kuchukua hatua za kisheria ili Katiba ihifadhiwe. Yafaa walimu wayasome maandishi haya mawili pamoja na wanafunzi wao, wakiuliza katika kila ahadi: ikivunjwa, nani aweza kudai, na adai wapi?