MACHOZI YA ZILIZOPENDWA: NYIMBO ZA UTOTONI NA WASIKILIZAJI WA EASTLANDS, NAIROBI

Utangulizi

Machozi ya msikilizaji ni jambo ambalo wahakiki wengi hulipita kwa haraka. Huonekana kuwa ni habari ya moyo wa mtu binafsi, wala si habari ya kazi ya sanaa. Hata hivyo, mtu aliyepata kuhudhuria usiku wa muziki wa zamani katika kumbi na baa za Eastlands, kutoka Pumwani na Shauri Moyo hadi Kaloleni, Jericho na Buruburu, anafahamu kwamba machozi hayo yapo, na kwamba hayamtoki mtu mmoja tu. Bendi hupiga nyimbo za miaka ya 1960. Watu hucheza na kucheka. Kisha, katikati ya wimbo usio na msiba wowote, mtu mzima mwenye mvi hutoa leso. Wenzake hawamwulizi kitu.

Makala haya yanakusudia kuuliza swali ambalo wenzake hawaulizi: mtu huyo analilia nini? Jibu la kawaida ni kwamba analilia utoto wake na raha iliyopotea. Jibu hilo halitoshi. Itaonyeshwa hapa kwamba machozi ya zilizopendwa, yanapokuwa ya kweli, hutokana na kuelewa kunakochelewa: maneno yaliyosikiwa utotoni bila kufahamika hurudi yakiwa na maana yake kamili, wakati ambapo wale waliokuwa wakiishi maana hiyo wamekwisha kuondoka.

Neno lenyewe

Yafaa kuanza na neno. Nchini Kenya nyimbo hizi huitwa zilizopendwa. Nchini Tanzania huitwa zilipendwa. Tofauti ni ya silabi moja, lakini kisarufi si ndogo. Zilipendwa ni sentensi kamili: zilipendwa, na habari imekwisha. Pengine ndiyo sababu huko Tanzania neno hilo limepata pia maana ya dhihaka, likawa jina la mtu au kitu kilichopitwa na wakati. Wasanii wa WCB Wasafi walipotoa wimbo wenye jina hilo mwaka 2017, walilikuta neno likiwa tayari na sura mbili, moja ya heshima na moja ya mzaha.

Zilizopendwa, kwa upande wake, ina kirejeshi -zo-, na kwa hiyo haijakamilika. Inangoja kitenzi. Nyimbo zilizopendwa zimefanya nini? Zimekufa? Zimerudi? Aidha, kauli ya kutendwa imemficha mtenda. Zilipendwa na nani? Neno halisemi. Msikilizaji anaporudishiwa wimbo, yeye ndiye anayelazimika kulijaza pengo hilo, na majina anayolijazia ni ya watu wake: baba, mama, shangazi, jirani wa mlango wa pili, wengi wao marehemu. Sarufi ya neno imekwisha kumwandalia machozi kabla gitaa halijalia.

Huko Ulaya hisia hii ilianza maisha yake kama ugonjwa. Mwaka 1688 Johannes Hofer, daktari wa Uswisi, aliliunda kutokana na Kiyunani neno linalounganisha kurudi na maumivu, akalifanya jina la maradhi ya watu walio mbali na kwao. Kiswahili hakikuwa na haja ya daktari. Kilikuwa na methali, nazo zinabishana. Upande mmoja husema ya kale ni dhahabu. Upande wa pili hujibu kwamba yaliyopita si ndwele, ganga yajayo. Na kwa ukali zaidi, kwamba mavi ya kale hayanuki. Methali hii ya mwisho ndiyo kipimo kigumu kuliko vyote kwa mtu anayelia kwa ajili ya wimbo wa zamani. Yawezekana kwamba anachokiona kitamu si kitu kilichokuwa kitamu, bali ni kitu kilichopoteza harufu yake.

Tena mgonjwa wa Hofer alikuwa mbali na kwao, ilhali msikilizaji wa Eastlands huenda hakuhama kamwe. Wako watu wa Jericho na Kaloleni waliorithi nyumba ile ile ambayo wazazi wao waliipanga kutoka kwa baraza la jiji. Hapa mtu hakuondoka mahali. Mahali ndipo palipomwondokea.

Nyimbo na mitaa

Mitaa hii haikujengwa ili ipendwe. Pumwani ilitengwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kuwa mahali pa kuwaweka Waafrika, na kwa muda mrefu serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika wa mjini kuwa mfanyakazi wa kupita, asiyehitaji zaidi ya kitanda. Ni katika miaka ya 1940 ndipo mtaa kama Kaloleni ulipojengwa kwa kufikiria familia. Majina ya Mbotela na Ofafa yamewekwa kwa kumbukumbu ya Tom Mbotela, aliyeuawa mwaka 1952, na Ambrose Ofafa, aliyeuawa mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari. Mwezi wa Aprili 1954 majeshi ya Uingereza yaliuzingira mji katika operesheni iliyoitwa Anvil, na maelfu ya watu walikamatwa na kupelekwa kizuizini, wengi wao kutoka mitaa ya mashariki.

Sasa, Fundi Konde, aliyezaliwa mwaka 1924 na kufariki mwaka 2000, alikuwa akirekodi santuri zake katika miaka hiyo hiyo. Hivyo utamu wa gitaa lake na vishindo vya malori ya askari vilikuwa vya zama moja. Anayeusikiliza leo husikia gitaa, malori hayasikiki. Methali ya mavi ya kale imepata ushahidi.

Lakini jambo hili lina upande wa pili. Miongoni mwa nyimbo za Konde umo Majengo Siendi Tena. Jina la Majengo lipo Mombasa kama lilivyo Nairobi, na msikilizaji wa Pumwani hulichukua kuwa lake bila kuomba ruhusa. Kwake yeye wimbo unataja mlango wa nyumbani. Hapo inadhihirika kwamba kumbukumbu haipokei tu, inatwaa. Wimbo wa zamani hugeuka mali ya yule aliyeuhitaji.

Kizazi kilichofuata kiliimba chini ya studio ya Equator: Fadhili William kutoka Taita, Daudi Kabaka, Gabriel Omolo, pamoja na Nashil Pichen na Peter Tsotsi waliotoka Zambia. Kiswahili chao hakikuwa cha Lamu wala cha kamusi. Wasanifu wa lugha walikuwa na haki ya kuhesabu makosa yake ya upatanisho. Hata hivyo kilikuwa na sifa moja ambayo usanifu hauwezi kuitoa: kilieleweka pande zote mbili za ukuta. Katika nyumba za kupanga, Mluo alipakana na Mkamba, Mkikuyu na Mluhya, na redio ya mmoja ilikuwa redio ya wote. Nyimbo hizi zilikuwa fasihi ya kwanza ya pamoja ya mitaa hiyo, kabla watoto wao hawajaunda Sheng.

Kusikia bila kuelewa

Hapa ndipo penye kiini cha hoja. Zilizopendwa hazikutungwa kwa ajili ya watoto. Mtoto alizipata kwa kudokoa, kama anavyodokoa mazungumzo ya wakubwa. Alizipenda kwa mdundo na kwa kuwa ziliwabadilisha wazazi: mama aliyechoka aliimba, baba mkali alitikisa bega. Maneno aliyakariri kwa ukamilifu wa kasuku.

Uchukuliwe wimbo wa Gabriel Omolo, Lunchtime, uliovuma mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mdundo wake ni wa furaha, na watoto waliucheza. Habari yake ni saa ya mchana ya mfanyakazi wa mjini: wenye fedha huenda kula, wasio nazo hujinyoosha majanini wakingoja saa ya kurudi kazini. Mtoto wa Makongeni aliyeucheza mlangoni hakuwa na sababu ya kujiuliza baba yake alikuwa katika kundi gani. Miaka 40 baadaye, akiwa amekwisha kulipa karo na kodi, akiwa amekwisha kuijua saa hiyo kwa tumbo lake mwenyewe, anausikia upya. Sasa anajua. Baba aliyerudi jioni na mkate chini ya kwapa alikuwa mchana amelala majanini. Mkate huo ulinunuliwa kwa mlo ambao hakuula.

Machozi yanayomtoka mtu huyo si ya kutamani kurudi. Hakuna mwenye akili anayetamani kurudi kwenye njaa ya mzazi wake. Ni machozi ya deni ambalo mdai wake hayupo tena kulipwa. Wimbo ulikuwa umemweleza kila kitu alipokuwa na miaka 7, na yeye alikuwa akicheza.

Malaika nao ni hivyo hivyo. Utungaji wake umebishaniwa kwa miaka mingi, na baadhi humtaja Adam Salim. Lakini ni Fadhili William aliyeufanya kuwa wimbo wa kila nyumba. Mtoto huusikia kama wimbo wa ndege na wa upendo. Mtu mzima hutambua kwamba ni malalamiko ya kijana anayezuiwa kuoa kwa ukosefu wa mali. Kwamba katikati ya wimbo mtamu kuliko yote ya Afrika Mashariki limekaa suala la mahari na mshahara. Mtamba wa sanaa hii ni huo: uchungu umefungwa ndani ya sukari, na sukari huyeyuka kwa miaka.

Ufufuaji wa namna mbili

Si kila ufufuaji unaofika hapo. Wimbo unaweza kufufuliwa mwili ukaachwa roho. Helule Helule ya Kabaka ilichukuliwa na bendi ya Tremeloes ya Uingereza mwaka 1968. Malaika uliimbwa na Miriam Makeba pamoja na Harry Belafonte mwaka 1965, na na Boney M mwaka 1981. Ubora wa waimbaji si mada ya makala haya. Makeba hakuwa na mpinzani wengi. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba kadiri wimbo unavyosafiri, ndivyo maneno yanavyogeuka sauti tupu. Katika hoteli za watalii Malaika umekuwa pambo la chakula cha jioni, na umaskini wa kijana yule huimbwa mbele ya watu wasiojua kwamba umetajwa.

Namna ya pili ilionekana mwanzoni mwa miaka ya 1990, bendi ya Them Mushrooms ilipomshirikisha Fundi Konde mwenyewe katika kuzirudia nyimbo zake. Mzee alikuwa hai, sauti yake ikiwa na uzee wake. Ala zilikuwa mpya, umri haukufichwa. Ufufuaji wa aina hii haudai kwamba muda haukupita. Unauonyesha muda wenyewe, na msikilizaji hupewa vitu viwili kwa mara moja: wimbo uliobaki na mtu aliyezeeka.

Pingamizi

Mhakiki mwenye msimamo wa kimapinduzi atapinga. Atasema kwamba machozi haya ni kasumba; kwamba mpangaji anayelilia nyimbo za 1965 hataidai haki yake ya leo; kwamba wenye baa huuza bia kwa huzuni ya wateja. Pingamizi hili ni la zamani. Plato, katika Jamhuri, aliwashutumu washairi kwa sababu hiyo hiyo: kwamba huimwagilia maji sehemu ya nafsi inayopenda kulia, badala ya kuiacha ikauke.

Pingamizi lina nguvu, hasa likikumbukwa suala la malipo. Fadhili William na Daudi Kabaka walifariki wote mwaka 2001, na hakuna hata mmoja aliyepata utajiri unaolingana na furaha aliyowapa watu. Machozi yasiyouliza habari hiyo ni machozi ya bei rahisi.

Lakini kipimo kimekwisha kupatikana. Anayelia kwa mdundo peke yake amefarijika, na faraja hupita. Anayelia kwa sababu ameyaelewa maneno amejifunza jambo juu ya tabaka lake na juu ya wazazi wake, na elimu hiyo haimlevyi. Lunchtime, ukisikilizwa kwa makini, ni shutuma kali kuliko hotuba nyingi, nayo ina faida kwamba msikilizaji aliikariri kabla hajajifunza kuipinga.

Hitimisho

Imeonekana kwamba machozi ya zilizopendwa hayatoki mahali pamoja. Yako ya mavi ya kale yasiyonuka, na yako ya kuelewa kunakochelewa. Kazi ya uhakiki ni kuyatenganisha, na haiwezi kufanya hivyo bila maneno ya nyimbo.

Maneno hayo hayajakusanywa inavyostahili. Wanaoyajua kikamilifu wanazeeka, na mitaa yenyewe imeanza kubomolewa ili kupisha maghorofa, kama ilivyokwisha kutokea Pangani. Idara za lugha zilizotuma wanafunzi wake vijijini kukusanya ngano na mafumbo zinapaswa kuwatuma pia Kaloleni na Maringo, wakaandike maneno, majina ya watunzi na wapigaji, na kumbukumbu za waliozisikia. Wala wasidhani kwamba kazi itakoma kwa wazee. Kundi la Kalamashaka la Dandora lilipotoa Tafsiri Hii mwishoni mwa miaka ya 1990, lilikuwa sauti ya vijana wenye hasira. Leo vijana hao ni wazazi, na wimbo wao umeingia katika orodha ya zilizopendwa. Watoto wao wanaucheza sasa hivi, wamekariri kila neno, na bado hawajauelewa.