Nyasi za Shetani, Leso za Wauza Samaki

Nilisoma Shetani Msalabani ya Ngũgĩ wa Thiong'o nikiwa mwaka wa pili chuoni, kwa nakala iliyokuwa imeshapoteza jalada. Kuna sehemu niliipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Jacinta Wariinga amechoshwa na karamu ya wezi na wanyang'anyi kule pangoni Ilmorog. Anatoka nje, anafika kwenye uwanja wa gofu, usingizi unamchukua, na hapo ndipo Sauti inapomjia. Ni Sauti ya Shetani, inayomwahidi raha za dunia kama atakubali kuiuza roho yake. Pembeni mwa ukurasa niliandika neno moja: "Kumbe!" Nilikuwa na miaka ishirini na moja, na niliona ni sawa kabisa. Kwani Shetani angekaa wapi kwingine?

Likizo ilipofika nikamsomea baba sehemu ile. Baba alibeba mifuko ya gofu kwa miaka kumi na tisa katika klabu moja ya Nairobi ambayo sitaitaja. Alikuwa kedi. Aliingilia mlango wa nyuma, akalipwa kwa siku, na mvua ikinyesha hakulipwa. Nilidhani atafurahi kuona kuna mwandishi aliyemsemea. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza:

"Alilala shimo la ngapi?"

Sikuelewa.

"Huyo msichana. Alilala shimo la ngapi? Kwa sababu kama ni karibu na grini, mpira utampasua kichwa."

Nilicheka, na nikawasimulia wenzangu kama kichekesho kwa miaka mingi. Sasa ninaamini kwamba lile lilikuwa swali bora la uhakiki nililowahi kuulizwa. Kwa Ngũgĩ, uwanja ule ni ishara. Ni ardhi iliyonyang'anywa, ikafyekwa, ikamwagiliwa maji ili wachache watembee juu yake huku wengi hawana pa kupanda mahindi. Ishara haihitaji kuhesabiwa mashimo. Lakini baba aliijua nyasi ile kwa nyayo. Alijua wapi mpira unadunda na wapi unazama, na kila jioni alikuwa akiirudia raundi nzima kwa mdomo, pigo kwa pigo, kama mtu anayesimulia safari. Mchezo aliupenda. Klabu haikumpenda yeye. Riwaya ile, kwa ukubwa wake wote, haina mahali pa kumweka mtu wa namna hiyo.

Simlaumu Ngũgĩ. Aliiandika kizuizini Kamiti mwaka 1978, kwenye karatasi za chooni, na vilabu alivyokuwa akivifikiria vilijengwa na walowezi kwa ajili ya walowezi. Hakuwa na sababu ya kuvionea huruma. Ninachosema ni kwamba tangu nilipoisoma riwaya ile, kila nilipokutana na gofu kitabuni nilikuwa na jibu kabla ya kusoma: hapa yupo tajiri, hapa yupo mwizi. Msomaji mwenye jibu kabla ya swali ni msomaji mvivu. Nilikuwa huyo.

Upande wa pili kuna P. G. Wodehouse, Mwingereza, na mkusanyo wake wa mwaka 1922, The Clicking of Cuthbert. Hadithi iliyoupa mkusanyo jina inapaswa kusomwa na kila mtu anayeandika katika blogu kama hii, kwa sababu inatucheka sisi. Cuthbert Banks ni kijana anayejua gofu tu. Anampenda Adeline, ambaye anataka mume msomi, na macho yake yako kwa Raymond Parsloe Devine, mwandishi anayechipukia pale mtaani. Basi Cuthbert anajiunga na chama cha fasihi, anakaa kwenye mihadhara anateseka kimya kimya. Siku moja anakuja mgeni, Vladimir Brusiloff, mwandishi mkubwa wa Kirusi mwenye ndevu nyingi. Devine anajitapa mbele yake kwa majina ya waandishi wa Kirusi aliojifunza kwao, na mgeni anawatupilia mbali mmoja baada ya mwingine. Kisha anamwona Cuthbert. Anamtambua: si ndiye bingwa wa gofu aliyeshinda mashindano ya Ufaransa? Yeye mwenyewe ni mgonjwa wa gofu! Fasihi inasahaulika, na Adeline naye anabadilisha macho.

Nimeisoma mara nne na kila mara nimecheka. Wodehouse anajua jambo ambalo Ngũgĩ hakutaka kulijua, kwamba mchezo huu unaweza kumshika mtu hadi akaonekana mjinga, na kwamba katika ujinga huo kuna usawa fulani. Lakini naye ana upofu wake. Katika uwanja wake hakuna anayeuliza nani analipa, nani anakata nyasi. Wanaobeba mifuko hawana kisa chao. Ngũgĩ aliliona lango akasahau uwanja. Wodehouse yeye hakuona kwamba kuna lango.

Haya nilikuwa nimeyafikiri nikiwa nimekaa kitini. Halafu mwaka uliopita kazi ikanipeleka Edinburgh kwa wiki mbili, na Jumanne moja nikapanda basi hadi Musselburgh, kilomita kama kumi mashariki mwa jiji, mahali Mto Esk unapoingia baharini. Pale kuna uwanja wa mashimo 9 ulio wazi kwa umma. Huhitaji kuwa mwanachama wala kumjua mtu. Nililipa pesa ambazo mjini zingenunulia watu wawili chakula cha mchana, nikakodi vijiti, na hakuna aliyeniangalia viatu.

Na uwanja wenyewe si wa juzi. Kuna kumbukumbu ya maandishi kwamba gofu ilichezwa pale mwaka 1672. Mashindano makubwa ya The Open yalifanyika pale mara sita kati ya 1874 na 1889. Hata upana wa shimo la gofu, milimita 108, unahusishwa na kifaa cha kutobolea mashimo kilichotumika Musselburgh tangu 1829, kabla kipimo hicho hakijawa sheria ya wote mwaka 1893. Maana yake ni kwamba kila shimo ambalo baba alishikilia bendera yake Nairobi lilikuwa na kipimo cha uwanja huu wa umma. Matajiri ndio walioondoka. Klabu kubwa ya mabwana wa Edinburgh ilihamia Muirfield mwaka 1891, kwenye uwanja wake yenyewe, na mashindano yakaifuata mwaka uliofuata. Klabu hiyohiyo ilikuja kukubali wanawake wawe wanachama mwaka 2017 tu.

Sasa linganisha na hili. Desemba 1810, klabu ya Musselburgh iliamua kutoa zawadi kwa mwanamke atakayecheza vizuri zaidi Mwaka Mpya, na wanawake waliotangaziwa walikuwa wauza samaki wa mji ule, wale waliobeba matenga mgongoni kutoka pwani. Zawadi ilikuwa tenga jipya, na juu yake leso mbili za hariri za Barcelona. Niliposoma neno lile nilisimama. Leso! Sisi tunalijua. Lilitufikia pwani kwa Wareno, kitambaa kile kile cha mkononi, hadi mama zetu wakalifanya vazi. Hao wauza samaki hawamo kwa Wodehouse na hawamo kwa Ngũgĩ. Lakini walicheza.

Raundi yangu haina cha kujivunia. Uwanja umo ndani ya njia ya mbio za farasi, na mpira wangu wa kwanza uligonga uzio mweupe wa farasi ukarudi nyuma yangu. Upepo wa baharini haukunionea huruma. Kwenye shimo la nne, karibu na baa ya zamani ya Mrs Forman, mzee mmoja aliyekuwa peke yake aliniomba tucheze pamoja. Alikuwa fundi bomba mstaafu. Hakuniuliza natoka wapi hadi shimo la saba. Nilimaliza kwa mapigo 71, idadi ambayo mchezaji mzuri huimaliza nayo mashimo 18.

Jioni nikampigia baba kwa WhatsApp. Nikampa raundi nzima, pigo kwa pigo, kama alivyokuwa akifanya yeye. Hakunikatiza. Mwishoni akauliza, "Umeingilia mlango gani?"

"Hakuna mlango, baba. Ni uwanja tu."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi mpira wa shimo la pili ulipaswa kuupiga chini. Upepo ule ni wa kupiga chini."

Nimeirudia Shetani Msalabani tangu niliporudi nyumbani. Bado ni riwaya kubwa, na ile Sauti bado inanitisha, kwa sababu wanaoisikia na kuikubali wako serikalini na kwenye mabenki, tunawajua. Lakini lile neno langu la kalamu nyekundu nimelikata. Shetani hakuwa kwenye nyasi. Alikuwa kwenye lango, na lango lilijengwa na watu, kwa tarehe inayojulikana, na kwa hiyo linaweza kubomolewa. Pembeni yake nimeandika swali la baba. Ninasubiri riwaya ya Kiswahili itakayolijibu, iliyoandikwa na mtu aliyebeba mfuko au aliyelelewa na aliyeubeba. Itajua Wariinga alilala shimo la ngapi, na itamwamsha kabla mpira haujafika.