Jicho Lipimalo Kabla ya Kisu

Katika ufundi wote unaomhudumia mwanamume mwenye saratani ya tezi dume, unaostahili sifa kubwa ni ule wa mtu ambaye mgonjwa huenda asimwone kamwe, yaani mwanapatholojia, mtaalamu asomaye nyama ya mwili kwa hadubini. Kwake huletwa vinyama vya biopsi, aghalabu 12, vilivyochotwa kwa sindano pande mbalimbali za tezi, kila kimoja chembamba kama uzi, ambavyo hukatwa vipande laini mno na kutiwa rangi ya zambarau na waridi.

Anachokisoma humo ni mpangilio. Vijitezi vya saratani vikisimama kimojakimoja, kila kimoja na uwazi wake katikati, ugonjwa ni mpole, nao ni mpangilio wa 3. Vikishikamana na kutobokatoboka kama chujio, umekuwa mkali, wa 4. Na seli zikitawanyika bila kuunda kijitezi chochote, umefikia ukali wa mwisho, wa 5. Ngazi hizo alizichora mwanapatholojia Donald Gleason huko Minneapolis, Marekani, katika miaka ya 1960, na alama hupatikana kwa kujumlisha mipangilio miwili, hivi kwamba 3 na 3 hufanya 6, alama ya chini kabisa inayotolewa siku hizi.

Mwaka 1994 mwanapatholojia Jonathan Epstein na wenzake wa hospitali ya Johns Hopkins waliongeza vipimo vya kiasi: pasiwepo mpangilio wa 4 wala wa 5, vinyama vyenye saratani visizidi 2, na saratani isizidi nusu ya kinyama chochote, huku PSA, protini ya tezi inayopimwa katika damu, ikiwa ndogo ikilinganishwa na ukubwa wa tezi. Anayetimiza masharti hayo aweza kuwekwa katika ufuatiliaji makini, ambapo hapasuliwi wala hapigwi mionzi, bali hupimwa damu na kurudiwa biopsi, kwa kuwa sindano yaweza kulikosa eneo baya, na tiba hungoja hadi ugonjwa ugeuke.

Ndiyo maana mwanapatholojia hodari haandiki tu kwamba saratani ipo, bali huiwekea rula na kuandika kuwa imeshika milimita 2 za kinyama chenye milimita 14, maana neno "saratani" likiachwa peke yake humsukuma mgonjwa kwenye kisu, na pengine kwenye mkojo usiozuilika na nguvu za kiume zilizopotea, ilhali milimita hizo 2, zikipimwa kwa uaminifu, zaweza kumrudisha nyumbani akiwa mzima.