Datsun 240Z ya 1:24: Kilichofanyika Kabla ya Rangi

Modeli ya gari ikikamilika, watu husifu rangi. Sifa hiyo huwa imechumwa mapema zaidi, plastiki ingali tupu. Rangi ya kung'aa haifichi kosa. Nyufa za vioo, gurudumu lililokaa upande na mstari wa mlango uliofifia huonekana zaidi bodi ikishapulizwa. Kwa hiyo leo tunachambua hatua ambayo wengi huiruka kwa hamu ya kushika kopo la rangi: kuunganisha gari zima bila gundi, kulirekebisha, na kuandaa vipambo vyake.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, ambao mwaka uliotangulia walishinda kwa Datsun 1600 SSS. Shekhar Mehta, aliyeshika nafasi ya pili mwaka huo wa 1971, alikuja kushinda kwa 240Z mwaka 1973. Bodi ya gari hilo la 1971 ni nyekundu na boneti ni nyeusi isiyong'aa. Rangi hizo mbili zinakutana kwenye ukingo wa boneti, na ukingo huo ukiwa na dosari hakuna pa kuificha.

Kazi ilianza kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, kuondoa mafuta ya kiwandani ambayo huizuia rangi kushika. Kila kipande kilikatwa kwenye fremu kwa kuacha kishina kidogo, kisha kishina kikapunguzwa kwa kisu na kusawazishwa kwa msasa. Ukikata kishina chote kwa mkato mmoja, plastiki hunyofoka na kuacha shimo. Baada ya hapo ukafuata mshono unaobaki pale pande za kalibu zinapokutana. Kwenye bodi ya gari mshono huo hupita juu ya mabega ya matairi na nguzo za paa. Ulikwanguliwa kwa mgongo wa kisu, ukamaliziwa kwa msasa namba 600, halafu 1000.

Kisha gari likaunganishwa kwa tepu ya karatasi peke yake. Chesisi na magurudumu viliwekwa kwanza juu ya kioo bapa, kwa sababu kioo hakidanganyi: tairi moja likining'inia, linaonekana. Kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma gari halisi lina milimita 2,305, yaani 96 kwa kipimo cha 1:24, na ndicho kilichopimwa kwa kaliba. Bodi ilipowekwa juu, swali likawa la mkao. Gari la Safari halikai chini kama la mjini, maana lilijengwa kwa ajili ya mawe na mitaro. Kipande chembamba cha plastiki chini ya mhimili kilitosha kuinua bodi, na kila gurudumu likakaa katikati ya tao lake.

Sehemu ya ndani ndiyo iliyoleta mvutano. Sakafu yenye viti na dashibodi ilikuwa pana kidogo, ikazisukuma mbavu za bodi nje, na ufa ukaonekana chini ya milango. Namna ya kumtambua mkosaji ni kutoa kipande kimoja na kufunga tena. Sakafu ilipotolewa, ufa ulijifunga, hivyo ndiyo iliyopigwa msasa, wala si chesisi. Kioo cha mbele nacho kilipunguzwa pembeni mpaka kikaingia bila kusukumwa. Plastiki angavu hupasuka ikilazimishwa, na fremu ya kioo itaongezewa unene wa rangi.

Unene huo ni jambo la kuhesabu. Undakoti, rangi na vanishi zikifika sehemu ya kumi ya milimita, ukizidisha mara 24 ni kama kulipaka gari halisi rangi ya milimita 2.4. Viungo vilivyobana kwenye plastiki tupu havitaingia tena baadaye, na bodi ikitanuliwa kwa nguvu ili ipokee chesisi, rangi hupasuka. Hesabu hiyohiyo inaamua mistari ya milango na boneti. Ilichimbwa upya kwa sindano ya kuchorea, pole pole, mara nyingi, kwa kuongeza kina bila kuongeza upana. Mstari wenye kina hubaki mstari hata baada ya vanishi.

Vipambo vilifuata nidhamu ya kipimo. Mkanda wa kiti wenye upana wa milimita 48 unakuwa milimita 2, na ukizidi hapo kiti kinaonekana cha mtoto. Taa za ziada za mbele zilitobolewa vitundu na kupewa vijiti vya waya mwembamba, ili baada ya rangi zishike kwa tone dogo tu la gundi. Gundi ya plastiki huyeyusha rangi, na mvuke wa supagluu huweka ukungu kwenye vioo. Vipande vilivyopakwa kromu vililowekwa kwenye jiki mpaka kromu ikatoka, kwa kuwa gundi ya plastiki haishiki juu yake, na mishono iliyofichwa na mng'ao ikapata kusawazishwa.

Mwisho, undakoti ya kijivu ilipulizwa nyembamba na bodi ikakaguliwa kwa taa ya ubavuni. Mikwaruzo na mabonde yaliyojitokeza yalijazwa pati, yakaachwa yakauke kabisa, yakapigwa msasa. Halafu gari likaunganishwa tena kwa tepu, kwa kuwa undakoti nayo ina unene.

Tathmini yangu ni kwamba njia hii ndiyo sahihi, na haihitaji zana za gharama: tepu, msasa, kisu, kaliba na macho yanayokubali kuona kasoro. Ewe msomaji mwenye boksi la gari mezani, usifungue rangi kabla gari lako halijasimama zima, bila gundi, juu ya kioo bapa.