Herufi Nambari 580

Kama senta yoyote iliyo kando ya barabara ya Tunduma kwenda Sumbawanga, Mpui haikosi wageni waliolowea. Tuseme mmoja wao ni Mrangi wa Kondoa, na anataka steshenari imchapie kalenda kwa lugha ya kwao. Januari kwa Kirangi ni Kʉfúngatɨ. Kijana aliyezoea kadi za harusi na mitihani ya majaribio ataona ni kazi ya dakika mbili, hadi afike kwenye hiyo u iliyopigwa mstari.

Wengi hapo hushika njia ya mkato: wanaandika u ya kawaida, kisha wanaipitishia mstari kwa programu. Kwenye karatasi inapendeza. Itume kwa simu, mstari unadondoka njiani, kwa sababu ulikuwa pambo tu, na Mrangi anabaki na neno ambalo si lake.

Mafundi ninaowasifu walikataa upambaji huo. Katika Unicode, jedwali lao la herufi lililoanza kuchapishwa mwaka 1991, kila herufi ni nambari kwanza, sura baadaye. ʉ ni 649. Nambari hiyo hugawanywa kuwa baiti mbili, 202 na 137, kwa utaratibu wa UTF-8 uliobuniwa na Ken Thompson na Rob Pike mwaka 1992; fonti ndiyo inayochora mwishoni. Wahunzi wa Ufipa, huko huko iliko Mpui, wangeuelewa mpango huu: chuma kilitoka kwenye malungu, yale matanuru marefu ya udongo, kikiwa bado na takataka, kikasafishwa kwenye vintengwe, ndipo kikafuliwa jembe. Kila hatua na kazi yake.

Sasa kalenda inataka kichwa cha mwezi kwa herufi kubwa: KɄFÚNGATƗ. Kwa u ya kawaida ni rahisi, kubwa ni 85 na ndogo 117, tofauti ni 32 kama ilivyo kwa A hadi Z zote. Lakini ʉ ndogo iliingia jedwalini tangu mwanzo kama alama ya wanafonetiki, na wanafonetiki hawana haja ya herufi kubwa. Ndugu yake mkubwa, Ʉ, alipewa nambari 580 mwaka 2006, katika toleo la tano. Miaka kumi na mitano neno lenye herufi hiyo halikuweza kuandikwa lote kwa herufi kubwa bila ujanja! Na kwa kuwa 580 na 649 hazina uhusiano wowote wa hesabu, ilibidi mtu akae aandike kwenye jedwali kwamba hawa wawili ni jozi. Ni kazi isiyoonekana, na kwangu ndiyo ufundi wenyewe.

Wabengali nao wanaijua subira ya kungoja nambari. Herufi yao ৎ ilipata nambari yake mwaka 2005 tu; kabla ya hapo iliundwa kwa kuunganisha alama tatu. Nyingine, য়, hadi leo ina njia mbili: 2527 peke yake, au 2479 ikifuatwa na 2492, yaani herufi na nukta yake. Jicho halioni tofauti, ila kompyuta isiyofundishwa kuzilinganisha itakuambia neno unalolitafuta halipo. Ile ú ya Kʉfúngatɨ ni vivyo hivyo: 250, au u ya kawaida na kialama cha 769. Kwa ʉ yenye kialama hicho hakuna njia ya pili, ni lazima ziwe nambari mbili.

Basi ndugu yangu wa steshenari, acha kuchora mistari. Kwenye Word ya Windows andika 0289, ambayo ndiyo 649 kwa hesabu ya kumi na sita, kisha bonyeza Alt na X kwa pamoja: utapata ʉ. Kwa herufi kubwa andika 0244. Ɨ ni 0197, na ndogo yake 0268. Ziandike kwenye karatasi, uibandike kando ya kompyuta.