Maziwa, Damu na Mvua: Tahakiki ya Simulizi ya Nyari

Katika fasihi simulizi tunafundishwa kuwa fanani hahitaji jukwaa rasmi. Nyari, korongo la rangi nyingi lililoko Marafa, kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ni mfano mzuri. Nilipolizuru kwa siku moja kutoka Malindi, mwongoza watalii ndiye aliyekuwa fanani, na kuta za korongo zilikuwa jukwaa na ushahidi wake.

Kisa ni kifupi. Familia moja tajiri ilikuwa na ng'ombe wengi hata ikawa inaoga maziwa. Mungu akakasirika, akaididimiza ardhi pamoja na nyumba yao. Weupe unaoonekana kutani ni maziwa, wekundu ni damu.

Kifani, kisasili hiki kimefaulu. Fanani wetu hakuanza na kisa. Alitushusha kwanza bondeni, kwenye joto, katikati ya minara ya mchanga, mpaka tukajiuliza wenyewe rangi zile zimetoka wapi. Swali lilipoiva ndipo akasimulia.

Udhaifu uko katika maudhui. Kukemea ubadhirifu ni jambo jema, lakini kisa kinatuachia wazo kwamba ardhi humfungukia mwenye dhambi. Sisi wa Nengo, Gisenyi, hatuwezi kulipokea wazo hilo kirahisi. Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, matetemeko yaliyofuata yalipasua nyumba na barabara hapa Rubavu. Mei 2023 mto Sebeya ulifurika na kubomoa makazi ya watu. Waliopoteza nyumba hawakuwa wakioga maziwa.

Lipo toleo jingine: wanakijiji walionywa na Mungu wahame, wote wakatii isipokuwa bibi kizee mmoja, naye akamezwa. Naliona toleo hili kuwa na hekima zaidi, kwa kuwa linahamisha uzito kutoka kwenye dhambi hadi kwenye onyo. Hata hivyo, linamlaumu bibi bila kutuambia kama alikuwa na nguvu za kutembea, au kama alikuwa na pa kwenda.

Wapo watakaosema sayansi imekwisha kukifuta kisa: mvua na upepo humomonyoa mawe laini ya mchanga, na wekundu hutokana na madini ya chuma. Sikubaliani nao. Jina Nyari, kwa maelezo ya wenyeji, ni mahali palipojivunja penyewe. Ndani ya jina hilo hamna mkosaji wala adhabu. Wagiriama walikwisha kusema kwa neno moja kile ambacho wanajiolojia wanakieleza kwa kurasa. Jina la kitalii, Jiko la Jehanamu, ndilo linaloirudisha dhambi mahali ambapo jina la asili halikuiweka.

Kwa hiyo sipendekezi kisa kiachwe. Napendekeza fanani aanze na jina, asimulie matoleo yote mawili, kisha aiachie hadhira ibishane.